Mzee wangu masikio yanashuka: nianze kwa daktari wa ENT, odiolojisti au huyu muuza mashine?

BintiMoro aliandika:

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie maana nimeshachanganyikiwa kabisa. Baba yangu ana miaka 68, amestaafu, alifanya kazi kiwanda cha nguo huku Morogoro miaka mingi sana upande wa mashine za kufuma, sasa ni muda masikio yanazidi kushuka. Tivii anafungulia mpaka majirani wanasikia taarifa ya habari, ukimwita kwa nyuma hageuki, na kinachoniuma zaidi ameanza kujitenga, kwenye vikao vya ukoo anakaa tu anatabasamu hachangii kitu na kuna ndugu wameanza kusema mzee siku hizi anaringa, kumbe maskini hasikii.

Sasa kila ninayemuuliza ananipa jina lake. Zahanati wamesema nimpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, ndio huyo wa ENT. Jirani anasema hapana huyo ni wa kupasua, tafuta odiolojisti. Shemeji yangu wa Dar yeye ana namba ya mtu anauza mashine za masikio, anakufuata mpaka nyumbani, anapima kwa simu na siku hiyo hiyo mzee anavaa. Mimi hela yangu ni ya kuungaunga siwezi kuzunguka kwa wote hao. Nani anafanya nini hasa, na yupi nikimruka nitajuta?

TabibuWaWilaya aliandika:

Pole dada, na hongera kwa kumjali mzee. Mimi ni tabibu hospitali ya wilaya, sio ya huko kwenu, ila kazi ni ile ile.

Kabla ya hayo majina makubwa, mtu wa kwanza ni yeyote mwenye otoskopu, kile kitochi cha kuchungulia sikio, na anayejua kukitumia. Tabibu, daktari wa hospitali ya wilaya, yeyote. Wazee wengi wanaoletwa kwetu wamebeba nta ngumu imejaa sikio zima, na mara nyingi imesukumwa ndani na vile vijiti vya pamba ambavyo watu wanaamini vinasafisha. Hiyo unalainisha kwa matone siku chache halafu inatolewa, kuna anayetoka hapo anasikia kama kawaida na angekuwa ameshanunua mashine. Lakini ASIJE mtu akapiga bomba la maji sikio la mzee bila kuangalia kwanza kama kiwambo (ngoma ya sikio) ni kizima, kama kina tundu unapeleka maji na uchafu sikio la kati unatengeneza ugonjwa mpya.

Kazi yetu nyingine ni kuuliza dawa. Kwinini, sindano za gentamaisini, zile sindano za zamani za TB kama streptomaisini, hizi zinaweza kugusa usikivu, na kuna zinazoua kabisa seli za sikio la ndani. Andika dawa zote anazotumia mzee, za presha, za sukari, hata za mitishamba, uende na hiyo karatasi.

Halafu kuna dalili tukiziona hatubaki naye, tunaandika rufaa: usaha usiokata, damu, maumivu makali, kizunguzungu, uso kupinda upande mmoja, au sikio moja kushuka sana kuliko lenzie. Hizo ni za daktari bingwa moja kwa moja. Na tafadhali jamani msiweke maji ya kitunguu wala mafuta ya moto wala maziwa ya mama kwenye sikio linalotoa usaha, tunasafisha hivyo vitu kila wiki.

Odio_Dar aliandika:

Tabibu kamaliza sehemu ya mlango, mimi niendelee ndani. Mimi ni odiolojisti, kazi yangu ni usikivu tu kila siku.

Jirani yako hajakosea sana ila kapunguza. Daktari bingwa wa ENT ni daktari kamili, kasoma udaktari miaka mitano, akafanya intanship, akarudi tena miaka mingine kusomea masikio, pua na koo. Anatibu MAGONJWA. Usaha sugu, tundu la kiwambo (anaweza kuliziba kwa oparesheni), uvimbe, vifupa vya sikio la kati vilivyoganda, maji nyuma ya kiwambo kwa watoto. Ana dawa na ana kisu, lakini sehemu kubwa ya siku yake hapasui mtu, anachunguza na kutibu kwa dawa.

Odiolojisti hapasui. Sisi tunapima, tunatafuta tatizo limekaa wapi na ni kubwa kiasi gani, halafu tunashughulika na mtu aishi vipi na usikivu aliobaki nao. Kupanga vifaa vya kusikia (shimesikio), kuvirekebisha, masikio yanayopiga kelele usiku kucha, na kizunguzungu kinachotoka sikio la ndani, vyote vinapita kwetu.

Sasa nikueleze kipimo chenyewe ili ujue unalipia nini. Mzee atakaa kwenye chumba kisichopitisha kelele, atavaa hedifoni, atasikia milio midogo midogo ya besi mpaka ya juu kabisa, kuanzia Hz 250 hadi 8000, kila akisikia hata kwa mbali anabonyeza kitufe. Sikio la kulia tunaandika kwenye grafu duara jekundu, la kushoto alama ya X ya bluu. Halafu, na hapa ndipo simu ya huyo rafiki wa shemeji inapoishia, tunaweka kifaa kidogo kwenye mfupa nyuma ya sikio, sauti inapita kwenye mfupa moja kwa moja mpaka sikio la ndani bila kupitia kiwambo. Kama kwa mfupa anasikia vizuri ila kwa hewa hasikii, basi tatizo liko nje au katikati na huenda linatibika, huyo anarudi kwa ENT. Kama njia zote mbili zimeshuka sawa, ni sikio la ndani au mshipa wake, hapo dawa kwa kawaida haina la kufanya na kifaa ndio msaada wake. Ukimvalisha mtu mashine bila kujua hilo unaweza kuongeza sauti juu ya ugonjwa unaotibika.

Kwa historia ya baba yako nitashangaa nisipokuta shimo, yaani usikivu umedidimia, pale Hz 4000, kelele za viwandani ndipo zinapoanza kula, umri nao unaongezea sauti za juu. Mtu wa hivi anakwambia "nakusikia ila sikuelewi" na anasema kweli, maana irabu zina nguvu na zinafika, konsonanti ndizo zinapotea. Ukimwambia paka, taka, kaka, zote kwake ni "-aka" tu anakisia. Ndio maana sauti za wanawake na watoto zinamshinda zaidi, na kwenye kikao chenye watu wengi anaamua kunyamaza. Haringi huyo.

BintiMoro aliandika:

Odio_Dar umenifanya nilie hapa kazini, hiyo ya nakusikia sikuelewi ndio maneno yake KABISA, na mimi wajukuu zake nikawa nawaambia pigeni kelele babu asikie. Kwahiyo huyo muuzaji ni tapeli?

Odio_Dar aliandika:

Hapana usiende huko. Kuna watu wamefundishwa kazi ya kupima watu wazima na kuwafungia vifaa, na wanaifanya vizuri. Uingereza anayeuza vifaa hivi lazima awe kwenye rejista ya wataalamu wa afya, HCPC, Marekani kila jimbo linatoa leseni yake. Tofauti ni kwamba mafunzo yao ni ya kifaa. Mtoto, ugonjwa wa sikio, kizunguzungu, hivyo sio vyake, na mfungaji mwaminifu atakwambia mwenyewe nenda hospitali kwanza.

Kwahiyo muulize: amesomea wapi na amesajiliwa na nani, anapimia kwenye chumba gani, anapima kwa mfupa au hedifoni tu, atachonga moldi (kile kipande kinachofuata umbo la sikio) ya sikio la mzee au anatia raba yoyote, na kubwa kuliko zote, baada ya wiki mbili mzee akisema sahani zinampigia kelele atarudi kurekebisha au simu haitapatikana? Kifaa cha kusikia hukinunui kama miwani ya kusomea ya barabarani ukavaa ukaondoka. Kinaunganishwa na kompyuta, kinapangwa kufuata grafu ya huyo mtu, kisha kinarudishwa mara kadhaa kwasababu ubongo uliokaa miaka bila sauti za juu unahitaji kuzizoea taratibu.

Na angalia sana vile vinavyouzwa mtandaoni bei ya kutupa, vingi ni vipaza sauti tu, vinakuza kila kitu, mlango, feni, pikipiki, na maneno ya watu kwa pamoja. Mzee anavaa siku tatu anatupa kabatini halafu anaapa hataki tena kitu kinaitwa mashine ya sikio.

MamaHajrat aliandika:

Samahani naingilia, mimi kwangu ni mtoto sio mzee, ila nataka wazazi wanaopita hapa wasome.

Binti yangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi tisa. Alipona tukamshukuru Mungu, hakuna aliyetuambia tumpime masikio. Baadae haongei, bibi zake wanasema tulieni baba yake nae alichelewa. Hospitali moja tukaambiwa tusubiri afike miaka mitatu ndio apimwe maana mtoto mdogo hawezi kubonyeza kitufe. Jamani HILO SIO KWELI. Kuna kipimo cha OAE wanaweka kitu kidogo sikioni dakika chache tu mtoto haulizwi kitu, na kuna ABR wanabandika waya kichwani akiwa amelala mashine inasoma mshipa na ubongo unavyoitikia sauti. Hata kichanga cha siku mbili anapimwa.

Kwa mtoto wangu timu ni kubwa kuliko ya mzee. Daktari bingwa wa ENT aliyempandikizia kifaa ndani ya sikio, huduma hiyo Muhimbili ilianza 2017, zamani watoto walikuwa wanapelekwa India. Lakini siku ya oparesheni mtoto hasikii chochote, watu wengi hawajui hili! Anakaa wiki kadhaa kidonda kipone ndio odiolojisti anakiwasha, na kuanzia hapo kila baada ya muda unarudi anakipanga upya. Halafu kuna mtaalamu wa usemi na lugha, huyu ndiye anakaa na mtoto chini kwenye mkeka anamfundisha kwamba hiyo sauti ina maana, hii ni ngoma, hili ni jina lako, na anakufundisha wewe mzazi namna ya kuendelea nyumbani maana wao ni wachache na foleni ni ndefu. Mimi bila huyo dada wa usemi kile kifaa kingekuwa pambo.

Wanasema mtoto achunguzwe kabla ya mwezi mmoja, ijulikane tatizo ni nini kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Mtoto akitoka kwenye homa ya uti wa mgongo daini kipimo cha masikio kabla ya kuruhusiwa hospitali, msiondoke hivi hivi, maana ugonjwa ule unaweza kugandisha sikio la ndani kuwa mfupa na hata upandikizaji ukawa mgumu.

Mwl_Alama aliandika:

Mama Hajrat asante, ni kweli tupu, ila naomba nisisahaulike mimi mwalimu. Nafundisha wanafunzi viziwi. Sisi tumesomea elimu maalumu, wengi wamepita chuo cha ualimu Patandi kule Arusha, na shule zipo miaka mingi, ya Tabora tangu miaka ya 60, Buguruni hapa Dar, Mwanga, Njombe na nyinginezo. Mzazi anazunguka hospitali miaka mitano anatafuta mtoto asikie, na miaka hiyo yote mtoto hana LUGHA yoyote, analetwa kwangu ana miaka tisa hajui hata kusema nina njaa kwa namna yoyote ile. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Msiache hospitali, ila anzeni lugha ya alama siku hiyo hiyo mnapoambiwa mtoto hasikii. Haimzuii kuongea baadae. Ulizeni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, mtakutana na watu wazima viziwi wanaofanya kazi na wanaolea familia, ni tofauti na kusimuliwa na mtu wa hospitali. Na kuna wakalimani wa lugha ya alama, nao ni wataalamu wenye kazi yao, sio dada wa jirani anayekisia kwa mikono, mtu kiziwi akienda kliniki ana haki ya kuelewa daktari anasema nini juu ya mwili wake mwenyewe.

Ndugu_Kisumu aliandika:

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu kuna ngazi ya katikati ambayo sijaiona mkitaja. Kuna clinical officer (tabibu) aliyerudi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, akachukua higher diploma ya ENT, na wengine wanachukua ya odiolojia. Hospitali nyingi za kaunti huyo ndiye utampata, sio daktari bingwa, bingwa wengi wamejaa Nairobi na miji mikubwa. Ni mtu wa maana sana usimdharau juu haitwi daktari. Ya mtoto tena kuna EARC, vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vilianzishwa 1984 chini ya wizara ya elimu, mzazi anaweza kuingia na mtoto aelekezwe kwa shule na kwa hospitali. Mimi niliambiwa na chifu, sikuwa nimewahi kusikia, so wacha nimwambie mwingine hapa.

Mzalendo_Leicester aliandika:

Bibi yangu mzaa mama tunae huku Uingereza, huku unaanza kwa daktari wako wa kawaida, anakutuma idara ya odiolojia, na vifaa vya NHS (huduma ya afya ya serikali) unapewa bure kwa mkopo na betri zake bure. Nasema hili sio kuwaonyesha, ila kwasababu hata kwa vya bure wazee wengi wanaviweka kwenye droo! Kilichomsaidia bibi sio kifaa, ni yule dada wa kliniki alimwambia avae nyumbani kimya kwanza saa moja mbili, asikilize saa ya ukutani, maji ya bomba, mtu mmoja akiongea, harusini aende mwezi unaofuata. BintiMoro na nyinyi mbadilike, msimpigie kelele, kelele inapinda maneno. Mguse, akutazame usoni, ongea taratibu, zima tivii kwanza.

BintiMoro aliandika:

Asanteni sana wote. Nimepanga hivi: wiki hii hospitali ya wilaya achunguliwe nta, kisha naomba rufaa niende hospitali ya rufaa ya mkoa nikamuone wa ENT, na kama kule hawana chumba cha kupimia niulize Muhimbili au Benjamin Mkapa Dodoma ipi ni rahisi kwetu. Muuzaji tumemwambia asubiri tukipata grafu tutamtafuta. Maswali mawili ya mwisho, anunue la sikio moja au yote mawili maana hela ndio hiyo, na ile karatasi ya grafu ni yangu au inabaki hospitali?

Odio_Dar aliandika:

Omba nakala ya grafu, uondoke nayo, na piga picha kabisa. Ndiyo itakayokulinda kwa muuzaji yeyote na mwakani tutailinganisha.

Yakiwa yote yameshuka, mawili ni bora, ubongo unatumia masikio yote kujua sauti inatoka wapi na kutenganisha mtu na kelele. Lakini hela ikiruhusu moja, anza na moja zuri lililopangwa vizuri kuliko mawili ya hovyo, odiolojisti atakwambia lipi. Kwenye bei uliza yote kwa pamoja, kifaa, moldi, kurekebisha, na betri. Betri zina rangi, ya kahawia ni namba 312, chungwa 13, bluu 675, hakikisha namba yenu inapatikana Morogoro kabla hujalipa. Ile stika usiibandue mpaka unapoiweka, ukishabandua hewa inaingia na betri inaanza kazi hata kama mzee hajavaa. Usiku afungue mlango wa betri, na kifaa kikae mahali pakavu, joto na jasho la kwetu linaviua haraka.

Kijana_Mwenge aliandika:

Wakuu nami nidandie hapo hapo, jana nimeamka sikio la kushoto limekufa ghafla, halina usaha halina maumivu ila kuna mlio kama jenereta na kichwa kinazunguka kidogo. Nimenunua matone famasi nasikilizia wiki hii, nikiona bado nitafute odiolojisti?

TabibuWaWilaya aliandika:

Usisikilizie wiki mdogo wangu, nenda LEO. Sikio kufa ghafla ni dharura, inaweza kuwa nta tu na itaonekana kwa dakika moja, lakini kama ni sikio la ndani kuna dawa za steroidi ambazo zinafanya kazi zikianza siku za mwanzo, ukipitisha wiki mbili nafasi inakuwa ndogo sana. Uko Dar, nenda hospitali yenye daktari wa ENT, pale mapokezi sema hivi hivi: nimepoteza kusikia ghafla tangu jana asubuhi. Usiseme sikio limeziba, watakuweka foleni ya kawaida. Waambie kama una presha au sukari maana hizo dawa zinapandisha sukari. Hayo matone acha mpaka mtu achungulie. Na kama kichwa kinazunguka usipande bodaboda, mwite mtu akusindikize.